Uzito wa Gari Lisilo Uzito

Hulugho, katika kaunti ya Garissa, si mbali na mpaka wa Somalia, barabara ni mchanga, na dereva husifiwa kwa subira kabla ya kusifiwa kwa mbio. Nami huko ndiko nilikokaa siku kadhaa nikichora, kwa kompyuta iliyolishwa umeme wa jua, gari la mashindano la zama zijazo, ambalo halitaonja mchanga huo wala lami ya mji wowote, maana makazi yake ni ndani ya kioo. Asubuhi moja kazi ilinigomea: bega la gari, juu ya gurudumu la nyuma, lilikuwa na uvimbe nisioweza kuuondoa, na kila nilipoongeza nukta ya kuusawazisha, uvimbe ulizaa mwenziwe. Nikatoka nje kupumzisha macho, nikamkuta mama mmoja wa jirani akisimamisha aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali, ambayo kuijenga ni kazi ya wanawake tangu kale. Mkononi alikuwa na ufito mmoja wa dhigo, yaani zile fito zilizokunjwa mfano wa upinde zishikazo paa, nao ulikataa kulingana na fito nyingine. Hakuulazimisha. Alifungua kamba, akasogeza mahali pa kuufunga kadiri ya upana wa kiganja, na ufito ukashika tao lake kwa hiari.

Nilistaajabu, kwa kuwa mama yule alikuwa amefanya mbele yangu jambo ambalo wenye viwanda vya magari walilitafutia hesabu kwa taabu kubwa. Zamani mchoraji wa merikebu au wa gari alichukua ubao mwembamba unaonyumbuka, akauzuia kwa vipande vizito vya risasi, kisha akafuata kwa kalamu mpindo ambao ubao wenyewe uliuchagua. Kusini ya Hulugho, ukiuvuka msitu wa Boni hadi Lamu, mafundi wa Matondoni walijenga majahazi pasipo mchoro, jicho likiwa ndilo mizani. Huko Ufaransa, mwaka 1959, Paul de Casteljau wa Citroën alipata njia ya kuueleza mpindo kwa nukta chache, lakini kampuni ikaiweka siri. Na katika miaka ya 1960 Pierre Bézier wa Renault, aliyelifikia jambo lilo hilo kwa njia yake, akalitangaza, ndiyo sababu mpindo huo huitwa kwa jina lake hata leo. Hekima yake ni kwamba nukta za katikati aghalabu hazikai juu ya mstari: hukaa kando zikauvuta, mfano wa kamba na ufito.

Fani hii ya kuchora gari la kioo ina adabu zake. Mchoraji huanza na magurudumu, maana umbali ulio baina yao ndio unaoamua kama gari litaonekana limejikunyata kama chui au limelala kama ng'ombe aliyeshiba; kisha huchora nusu moja tu ya bodi, programu ikamkamilishia ya pili kama kioo; kisha hutandaza uso juu ya mifupa, na mwisho huupitishia michirizi ya mwanga, ambayo ni hakimu asiyekula rushwa, kwani ikitiririka bila kukatika uso ni safi, na ikitetemeka pana kosa, hata kama jicho lilikwisha kuliridhia. Wala chombo cha kazi hii hakimtengi maskini: Blender ni programu ya bure, iliyo wazi kwa wote tangu 2002, na kompyuta kuukuu yatosha kujifunzia.

Walakini uhuru ni mtihani. Gari la chuma lina wa kulikemea, mhandisi, mhasibu na sheria, ilhali gari la kioo halina. Mwaka 2013 mchezo wa Gran Turismo wa Japani ulipofungua mlango kwa viwanda vya magari vibuni magari ya kuendeshwa ndani ya mchezo, Mercedes-Benz ikiwa miongoni mwa waliotangulia, wachoraji waliachiliwa kutoka katika minyororo mingi, na katika uhuru wa namna hiyo israfu haikawii kubisha hodi: bawa juu ya bawa, tundu lisilopitisha hewa, pembe isiyokata upepo. Tena si kweli kwamba kisicho na uzito hakina mzigo. Mashine ya mchezo aghalabu hulichora gari upya mara 60 kwa sekunde, na kila pembetatu iliyozidi ni ukuni ulioongezwa juu ya mgongo wa ngamia.

Na ngamia ndiye aliyeifunza aqal umbo lake. Siku ya kuhama nyumba hufunguliwa ufito baada ya ufito, na mikeka iliyokuwa paa huwa matandiko chini ya mzigo. Kisicho na kazi hakipati nafasi, na uzuri wa tao lile, ambao mgeni huudhania pambo, ni mabaki ya vyote vilivyokataliwa.

Nilirudi ndani, nikafuta nukta zote nilizokuwa nimeziongeza, nikabaki na 4, na moja katika hizo nikaisogeza kidogo kando. Uvimbe ukaondoka. Michirizi ya mwanga ikapita juu ya bega la gari, toka mlangoni hadi taa ya nyuma, pasipo kukatika. Na nilipochungulia nje, mama alikuwa amekwisha kutandaza mkeka wa kwanza.