Nani Huhesabu Wafu? Uhalisia Mkali katika Vitabu vya Makomando na Pengo la Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vya vita na vya vikosi maalumu husifiwa kwa uhalisia wao mkali: damu, baridi, njaa na majina ya silaha. Makala haya yanahoji kipimo hicho. Kwa kulinganisha maandishi kuhusu Iraki ya 1991, Mogadishu ya 1993, Kenya ya miaka ya 1950 na Entebbe ya 1976, yanadai kwamba ukali wa kitabu cha vita hupimwa kwa namna kinavyowahesabu wafu wa pande zote na kinavyokiri makosa. Kwa kipimo hicho, pengo kubwa katika Afrika Mashariki ni ushuhuda wa askari waliopigana kwa Kiswahili ambao haujaandikwa.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Afrika Mashariki anayetafuta kitabu kikali kuhusu maisha ya makomando hukutana kwanza na maandishi ya Kiingereza. Utanzu huu ulipata msukumo mkubwa baada ya Mei 1980, askari wa SAS walipovamia ubalozi wa Iran jijini London mbele ya kamera za televisheni. Kikosi kilichoasisiwa mwaka 1941 ili kufanya kazi kwa siri katika jangwa la Afrika Kaskazini kikawa gumzo la dunia, na wachapishaji wakagundua kwamba siri ikifunuliwa nusu huuzika kuliko ikifunuliwa yote.

Vitabu hivi humpa msomaji dhamana mbili. Ya kwanza ni kwamba mwandishi alikuwapo. Ya pili ni kwamba hakupaka mambo asali. Dhamana zote mbili zina udhaifu. Aliyekuwapo aliona kipande cha uwanja wa vita, tena usiku na akiwa na hofu. Naye anayesimulia maumivu bila haya anaweza bado kuficha kosa. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kazi ya uhakiki ni kuangalia ngozi imevutwa upande gani.

2.0 Doria moja, vitabu vinne

Mfano bora ni doria ya askari wanane wa SAS iliyoshushwa nyuma ya safu za jeshi la Iraki Januari 1991. Doria iligunduliwa, mawasiliano ya redio yalishindikana, na baridi ikawa kali kuliko ilivyotarajiwa. Watatu walikufa, wawili kati yao kwa baridi. Wanne walitekwa, na mmoja alitembea kwa miguu hadi Syria. Kutokana na tukio hilo, kiongozi wa doria aliandika Bravo Two Zero (1993) kwa jina la Andy McNab, na yule aliyefika Syria akaandika The One That Got Away (1995) kwa jina la Chris Ryan. Yote mawili ni majina ya kubuni.

Kitabu cha McNab kina nguvu zaidi pale ambapo bunduki zimenyamaza. Sura za mapigano zina kasi, lakini adui ndani yake ni vivuli vinavyoanguka kwa wingi. Sura za kifungo ni tofauti. Mfungwa anapigwa, anahesabu siku na anapima kila neno analomwambia mhojaji. Humo majigambo yanakoma, na adui anapata uso kwa sababu mwandishi analazimika kumsoma ili abaki hai. Ryan naye huandika vizuri zaidi anapoeleza kiu na miguu iliyochubuka kuliko anapowahukumu wenzake. Lawama zake kwa sajenti aliyekufa kwa baridi ziliiumiza familia ya marehemu, ambaye hakuwa na kitabu cha kujibu.

Jibu lilitoka kwa Michael Asher, askari wa zamani anayezungumza Kiarabu. Alikwenda Iraki mwaka 2001, akafuata njia ya doria na kuwahoji wenyeji wa jangwani walioiona. Kitabu chake, The Real Bravo Two Zero (2002), kilidai kwamba mapigano makubwa yaliyosimuliwa na wenzake yalitiwa chumvi, na kwamba sajenti alionewa. Uzito wa kitabu hicho unatokana na kitendo kimoja rahisi: mwandishi aliwauliza watu wa upande wa pili kwa lugha yao. Hata hivyo, mhakiki hapaswi kukiamini bila kukipima. Mashahidi walizungumza miaka kumi baada ya tukio, chini ya utawala wa Saddam Hussein, ambapo kauli ya raia mbele ya mgeni haikuwa huru.

Kitabu cha nne kinafichua tatizo jingine. Kuanzia mwaka 1996, askari wa vikosi maalumu vya Uingereza walitakiwa kutia saini mkataba wa kutochapisha habari za kazi yao bila idhini. Mike Coburn wa New Zealand, mmoja wa wale wanane, alichapisha Soldier Five mwaka 2004 baada ya shauri refu mahakamani. Kwa hiyo msomaji asisahau kwamba rafu ya vitabu hivi imepitia chujio la serikali, na kwamba kimya ndani yake huweza kuwa amri na si usahaulifu.

3.0 Mogadishu: kitabu na filamu yake

Mark Bowden hakuwa askari. Alikuwa mwandishi wa habari, na katika Black Hawk Down (1999) alisimulia vita vya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 ambamo Wamarekani 18 waliuawa. Wasomali waliokufa wanakadiriwa kwa mamia. Bowden aliwahoji askari wengi, kisha akasafiri hadi Mogadishu. Ndiyo maana kitabu kina kurasa ambamo wakazi wa jiji wanaona helikopta zikiwashukia juu ya mapaa yao, na msomaji anaelewa kwa nini watu walikimbilia kwenye milio ya risasi badala ya kuikimbia.

Filamu iliyotokana na kitabu hicho mwaka 2001 ilibaki na damu yote lakini ikaondoa sehemu kubwa ya sauti hizo. Wasomali wakawa umati. Ulinganisho huu una somo la moja kwa moja: ukali wa picha ulibaki, ukweli ukapungua. Kinachoitwa uhalisia mkali kinaweza basi kuwa pambo kama mapambo mengine.

4.0 Kenya na Entebbe: majirani ndani ya vitabu vya wengine

Utanzu huu una mizizi hapa nyumbani kuliko inavyodhaniwa. Ian Henderson, afisa wa polisi wa kikoloni, alisimulia msako wa Dedan Kimathi katika The Hunt for Kimathi (1958), naye Frank Kitson akaandika Gangs and Counter-gangs (1960) kuhusu magenge bandia, yaani wapiganaji wa Mau Mau waliogeuzwa na kurudishwa msituni kuwawinda wenzao. Kitson baadaye aliandika Low Intensity Operations (1971), kitabu kilichosomwa sana na majeshi. Msitu wa Kenya ukawa darasa, lakini mpiganaji aliyegeuzwa, ambaye bila yeye mbinu isingefaulu, hubaki chombo katika maandishi hayo. Kilichompitia moyoni alipompiga risasi jirani yake hakina sura.

Mizani ilianza kurekebishwa na Waruhiu Itote, Jenerali China, katika Mau Mau General (1967). Itote alikuwa amepigana Burma akiwa askari wa KAR kabla ya kuingia msituni. Alipokamatwa Januari 1954, mmoja wa waliomhoji alikuwa Henderson. Kwa hiyo Henderson na Itote waliandika kutoka pande mbili za meza moja. Anayesoma kimoja tu amesoma nusu ya mahojiano. Itote naye ni jenerali na anaivuta ngozi kama majenerali wote, lakini msitu wake una watu wenye majina na sababu.

Entebbe ndiyo kipimo kigumu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli waliwaokoa mateka katika uwanja wa ndege. Kitabu cha William Stevenson, 90 Minutes at Entebbe, kilitoka mwaka uleule. Kamanda Yonatan Netanyahu, aliyeuawa pale, anajulikana duniani kote. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa Mulago na akauawa baadaye, anajulikana pia. Askari wa Uganda waliokufa, ambao idadi yao hutajwa kwa makumi, wamebaki tarakimu. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda na kuuawa kwa kisasi, kwa kuwa ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi, mara nyingi hupata aya moja au hawapati kitu. Kitabu kilichoandikwa kwa haraka ya ushindi hakikuwa na nafasi ya kungoja hesabu hiyo. Waliokuja baadaye walikuwa na nafasi.

5.0 Kiswahili cha askari kisichoandikwa

Swali la nani angeandika hesabu hiyo linageuka kuwa swali la lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya KAR na kikaendelea kuwa lugha ya jeshi la Uganda baada ya uhuru. Wananchi wengi wa Uganda walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, na chuki dhidi ya lugha hiyo ilitokana na hofu ya mtutu. Vita vya 1978 na 1979 vilipozuka, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na jeshi la Idi Amin yalikabiliana yakitumia lugha moja. Ni vita vichache vya kisasa barani ambavyo pande mbili zingeweza kusoma kitabu kimoja bila mfasiri.

Kitabu hicho hakijaandikwa. Si kwamba Kiswahili hakina jadi ya kuandika vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani pwani ya Mrima kwa mtazamo wa waliovamiwa. Kuhusu Kagera, kuna Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai (1980) na utenzi wa Henry Muhanika (1981). Ni kazi za thamani, lakini zote mbili zimesimama upande wa Tanzania na zimeandikwa joto la ushindi likingali kali. Riwaya pendwa nazo, kama za Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba tangu Kufa na Kupona (1974), ziliupa Kiswahili msamiati wa silaha na ujasusi, lakini kifo cha adui ndani yake ni chepesi. Askari wa kawaida wa Uganda aliyeshindwa, akarudi kijijini au akakimbilia ng'ambo ya mpaka, hana kitabu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Msomaji, mwalimu au mshauri wa sera anayechagua kitabu cha vita anaweza kuuliza maswali matatu. Je, wafu wa upande wa pili wanahesabiwa? Je, kuna kosa ambalo mwandishi analikiri likiwa lake mwenyewe? Je, ni nani aliyeruhusu au kuzuia kitabu hiki? Vitabu visomwe kwa jozi: McNab na Asher, Henderson na Itote. Kusoma kimoja peke yake ni kusikiliza ngoma ya mtu mmoja.

Kwa watunga sera, dai ni la haraka. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na vyuo vinatafuta matini zinazowahusu Waganda wenyewe. Askari aliyekuwa na umri wa miaka 20 Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alizaliwa mwaka 1959. Ushuhuda wake ukusanywe sasa, kwa Kiswahili chake cha kambini bila kusanifishwa kupita kiasi, sambamba na wa mwenzake wa Tanzania na wa raia aliyesimamishwa kizuizini na wote wawili. Serikali za kanda ziweke muda maalumu ambao baada yake askari mstaafu anaweza kusimulia bila kuogopa mashtaka. Lugha iliyoogopwa kwa sababu ya maneno iliyoyasema kizuizini itaaminika zaidi ikitumika pia kuwataja kwa majina waliokufa hapo, pamoja na walinzi wa uwanja wa Entebbe ambao hadi leo ni tarakimu katika vitabu vya wengine.