Wapima Hewa wa Mauna Loa

Tangu Machi 1958, juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, watu hupima hewa ukaa. Anayejaza chupa ya kioo husimama akiukabili upepo, hubana pumzi, ndipo hufungua. Pumzi yake mwenyewe ingeharibu sampuli. Mwaka 1964 fedha zilipungua, vipimo vikakatika kwa miezi michache. Pengo hilo halitazibika: hewa ya jana haipimwi leo. Novemba 2022 lava ya mlima huo ilikata barabara na umeme. Wapimaji wakaenda kupimia kwa muda Mauna Kea, mlima jirani. Mwaka 1958 walianza na sehemu 315 hivi za hewa ukaa katika milioni. Sasa zimepita 420. Kila tunapojadili mabadiliko ya tabianchi, tunazungumza kwa namba zao.