Domo la bata na kibuyu cha Ziwa Nyasa

Mpulizaji wa saksafoni, yaani domo la bata, akitaka ala yake ikorome, haongezi pumzi. Anaimba. Midomo imebana, pumzi inatikisa ule ulimi wa mwanzi, na papo hapo koo linatoa noti yake nyingine. Tuseme ala inatoa mitetemo 440 kwa sekunde na koo 330: sauti hizo mbili zikikutana huzaa nyingine, za 110 na 770, ambazo hakuna aliyezipuliza. Mkwaruzo unatoka hapo. Katika jazi ya Marekani, Earl Bostic alijijengea jina kwa mkwaruzo huo. Msikilize kwenye “Flamingo” ya mwaka 1951.

Kwa mtu wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ufundi huu wa kuimbia ndani ya ala una ndugu yake jirani. Vuka Mto Songwe pale Kasumulu uingie Karonga, Malawi, utakuta ngoma ya malipenga. Panda meli ya MV Mbeya II ushuke hadi Mbamba Bay, utakuta ngoma ya mganda. Chimbuko la zote mbili ni beni, ngoma iliyozaliwa pwani miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za gwaride, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Matarumbeta ya shaba hayakuwa ya kila kijiji. Vibuyu vilikuwepo.

Kibuyu hukaushwa, kikakatwa sehemu ya kutolea sauti na kutobolewa tundu la kuimbia. Tundu jingine dogo hufunikwa kwa utando wa buibui, ule mweupe anaofungia mayai yake. Ufundi wote uko kwenye utando huo. Ukipuliza tu, hupati kitu, lazima uimbe. Sauti yako inautikisa, nao unaiongezea mitetemo ya juu, hivyo sauti ya mtu inatoka na makali ya shaba. Vibuyu vikubwa hubeba sauti nzito, vidogo nyembamba, na kundi linagawana kazi kama safu ya wapulizaji wa bendi za dansi za Msondo au Sikinde.

Tofauti ipo, tena kubwa. Kwenye saksafoni noti huamuliwa hasa na vidole vinavyofungua na kufunga matundu. Koo ni nyongeza. Kwenye kibuyu koo ndilo linaloamua noti, kwa hiyo mpigaji anateleza kutoka noti hadi noti bila kukwama popote.

Wapulizaji wetu wa dansi ni hodari wa kujibizana na gitaa, hasa wimbo unapofika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka. Lakini kwa sikio langu, koo wamelitumia kidogo mno, na hapo tumepoteza utajiri mkubwa.

Kijana wa Kyela unayejifunza domo la bata, mtafute mzee wa malipenga akufundishe kuimbia ndani ya kibuyu. Kisha rudi kwenye ala yako, shika noti moja ndefu, uimbe nyingine isiyolingana nayo. Midomo itawasha. Usiache.