Sajini na Daftari Lake

Mikataba ya ushirikiano wa kijeshi hutiwa saini na mawaziri na kupigiwa picha na majenerali, kisha kazi yenyewe huachiwa mtu asiyetajwa gazetini: sajini. Ndiye anayewapokea makurutu wa nchi nyingine alfajiri, anayewahesabu, anayejua nani kapewa buti na nani bado yuko na kandambili. Kazi hii naiheshimu kuliko nyingi zinazovishwa medali.

Chukua Bihanga, magharibi mwa Uganda. Kuanzia 2010 Umoja wa Ulaya uliendesha huko mafunzo ya askari wa Somalia, kwa kushirikiana na jeshi la Uganda, UPDF. Waganda walibeba mafunzo ya msingi. Wazungu wakafundisha mabomu ya kutegwa, mapigano ya mjini, mawasiliano, huduma ya kwanza, na namna ya kuongoza seksheni na platuni. Kufikia mwanzoni mwa 2013 karibu askari 3,000 walikuwa wamepitia hapo. Sasa mweke mkufunzi Mhispania, mwenzake Mganda aliyezoea kutoa amri kwa Kiswahili, na kurutu aliyelelewa kwa Kisomali. Maneno yanapitia kwa mkalimani, na mkalimani naye huchoka. Inabidi mikono iseme.

Liko zoezi la kale la walimu wa shabaha. Kabla ya lolote, mwalimu anapita kwenye mstari, anafungua chemba ya kila bunduki, anachungulia, anaingiza kidole kuhakikisha hamna risasi. Haamini neno la mtu. Kisha kurutu analala kifudifudi, analenga, na mwalimu anaweka sarafu juu ya mtutu, karibu na ncha. Vuta triga. Sarafu ikianguka, umeshtuka. Ikitulia, umevuta sawasawa. Hapo hapahitaji mkalimani. Kurutu anarudia mpaka jasho limtoke, na mwalimu kachuchumaa pembeni, hafoki, anaokota sarafu na kuirudisha. Wengi wetu tunamjua sajini wa kwenye filamu, yule wa kupiga makelele. Aliyebobea hana haja ya makelele kila saa.

Kurutu huyo kesho huenda akawa mwalimu, na mbinu ya kumfundisha mtu ili naye akafundishe ni ya zamani. Steuben, Mprusi, alifika Valley Forge, Marekani, mwaka 1778 kulinoa jeshi la George Washington, na Kiingereza kilimpiga chenga. Alichukua kikosi kidogo cha mfano, akakifundisha kwata, kisha watu wa kikosi hicho wakasambazwa kwa wenzao. Tena alishika bunduki kwa mkono wake, jambo ambalo maofisa wa enzi zile waliliona ni la masajini. Mwaka uliofuata kitabu chake cha kanuni kikaeleza majukumu ya sajini na koplo, moja baada ya jingine.

Upande wa pili wa kazi hii hauna mvuto wa uwanja wa shabaha. Ni stoo, orodha ya majina, namba za bunduki, hesabu ya risasi zilizotoka na maganda yaliyorudi. Meneja wa mradi aliye mji mkuu anaandika ripoti yake kwa takwimu hizo. Sajini akikosea au akidanganya, mradi mzima unasimama juu ya uongo. Afghanistan iliwaonyesha Wamarekani hilo. Wakaguzi wa SIGAR, ofisi yao ya kukagua ujenzi mpya wa Afghanistan, waliripoti tena na tena kuhusu askari hewa: majina yaliyokuwa kwenye orodha ya malipo bila watu kambini. Agosti 2021 jeshi lililohesabiwa kwa mamia ya maelfu kwenye makaratasi lilisambaratika. Sababu zilikuwa nyingi, za siasa na za rushwa, wala sidai sajini mmoja angeizuia Kabul isianguke. Ila huwezi kuwaficha watu hewa mbele ya mtu anayeita majina kila asubuhi huku akiwatazama usoni.

Mwaka 2014 kazi ya Bihanga ilikuwa imehamia Mogadishu, na Wasomali wenyewe wakaanza kuandaliwa kuwa wakufunzi. Hapo ndipo penye thamani ya mradi wowote wa namna hii. Ningepewa mimi bajeti yake, ningelipa kwanza mishahara ya hao wakufunzi wazalendo, kwa wakati na bila makato, halafu ndipo ninunue magari.