Kumsimamisha Farasi

Hapa Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, tunasafiri kwa boti. Farasi twamwona kwenye televisheni tu. Hata hivyo nawapongeza wakufunzi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi Tanzania. Wengine wasifu mbio za farasi wao. Mimi nasifu kusimama. Katika mashindano ya dresaji, yaani ya kuonyesha utii na mwendo wa farasi, farasi anaposimama hutakiwa agawe uzito sawasawa kwenye miguu yote minne, ya mbele sambamba, ya nyuma sambamba, atulie angalau sekunde 3. Ukivuta hatamu kwa nguvu, mguu mmoja hubaki nyuma. Mpandaji hodari hukaa wima, humbana farasi kidogo kwa miguu yake ili miguu ya nyuma ya farasi isogee chini ya tumbo, ndipo mkono huzuia kwa upole na kulegeza papo hapo. Huko kulegeza ndiko kugumu, na majaji hukuona.