Barafu Badala ya Betri

Mama anayeuza maji baridi Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda, anamiliki pampu ya joto. Friza yake haitengenezi baridi. Inachota joto la ndani na kulitupa nje. Gusa ubavu wake kompresa ikinguruma, utalihisi.

Kama anatumia sola, tatizo lake ni saa. Themostati huuliza swali moja tu: ndani kuna joto? Haijui kama jua limetua. Saa saba usiku huwasha kompresa, na betri ndiyo inayoumia.

Swali hilo liligeuzwa miaka ya 1990 na wahandisi wa NASA mjini Houston, Marekani, akiwemo David Bergeron. Waliondoa betri, wakaweka ndani ya friji kimiminika kinachoganda. Kidhibiti chao kinatazama paneli kwanza: jua likiwaka, kompresa huongeza kasi, wingu likipita, hupunguza badala ya kuzima. Usiku inapumzika, na barafu inayeyuka polepole. Kampuni ya Bergeron, SunDanzer, baadaye iliileta mbinu hiyo kwa wafugaji wadogo wa Kenya. Maziwa ya jioni ndiyo huharibika kabla gari la asubuhi halijafika. Usiku mkebe wa maziwa ulizungushiwa barafu iliyogandishwa mchana.

Hesabu yenyewe inanipendeza mno. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334 za joto. Kilo 13 humeza takriban yuniti (kilowati-saa) 1.2. Kompresa inayohamisha joto mara mbili ya umeme inaoutumia itakuwa imekula yuniti 0.6 tu, nayo imeula mchana, jua likiwa juu. Betri ya asidi ya volti 12, saa-ampea 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa 0.6 hiyo hiyo. Ni kweli kugandisha huichosha kompresa kidogo. Lakini betri hufa baada ya miaka michache, maji hayafi.

Kwa chanjo usijaribu mbinu hii: nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na zina majokofu yake maalumu. Kwa soda, maji na samaki, jaza maji kwenye chupa za plastiki, acha nafasi juu, zipange chini ya friza. Funga taima iwashe saa tatu asubuhi, izime saa kumi jioni. Pima joto alfajiri, siku saba mfululizo, kabla hujanunua betri ya pili.