"Merchant", Tajiri na Bepari: Juu ya Jina la Tamthilia Moja

Julius Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya The Merchant of Venice mwaka 1969, aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Jina hilo limezua ubishi. Wanaolilaumu husema kwamba "merchant" ni mfanyabiashara tu, na kwamba mfasiri, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alimvika mtu wa Shakespeare joho la siasa. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila imeelekezwa mahali pasipo penyewe.

Neno "bepari" lilitoka Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara. Kwa asili, basi, ndilo "merchant" hasa. "Tajiri" nalo kwa Kiarabu lina maana iyo hiyo. Waswahili walilipokea likawa mwenye mali, na tena bwana mwenye kuajiri watu. Maneno hayo mawili yaliletwa na biashara ya bahari, kisha yakaiacha biashara yenyewe: moja likaandama mali, jingine likaandama unyonyaji. "Mfanyabiashara" halikuhama, lakini humweka mwenye majahazi na mwenye genge la mboga katika kapu moja, na kwa jina la tamthilia ni neno lililopoa mno.

Wala "merchant" lenyewe halikuwa neno safi. Enzi ya Shakespeare Waingereza walilitumia pia kwa dharau, kama mtu asemavyo "lile jamaa". Katika Romeo and Juliet, Yaya hulitumia juu ya Mercutio baada ya kufanyiwa mzaha. Katika sehemu ya kwanza ya Henry VI, bibi mtukufu wa Auvergne humwita hivyo Talbot. Mfasiri aliyechagua neno lenye doa hakuisaliti asili.

Tatizo limo katika silabi moja tu: ma-. Kiingereza kinataja mtu mmoja, naye ni Antonio. Hata hivyo, tamthilia ilipoandikishwa London mwaka 1598 ilipewa na jina la pili, la Myahudi wa Venisi, kana kwamba tangu hapo haikuwa wazi mchezo ni wa nani. Na Portia, aingiapo mahakamani katika mavazi ya mwanasheria, swali lake la mapema ni yupi kati ya wawili hao aliye "merchant". Swali hilo ni kali kwa sababu macho hayawezi kulijibu. Antonio hukopesha bila riba na humtukana Shylock kwa kula riba. Lakini ni yeye huyo anayemwendea Shylock kwa dukati 3,000. Tofauti yao ndiyo ugomvi wenyewe.

Wingi hulijibu swali la Portia kabla halijaulizwa: wote ni mabepari. Huo ni usomaji halali, tena wenye nguvu, kwani mikono ya Antonio si mieupe kama adhaniavyo. Lakini msomaji wa pwani, aliyelelewa akijua kwamba riba ni haramu na biashara ni halali, angaliisikia tofauti hiyo bila kuelezwa na mtu. Yeye ndiye aliyepokonywa kitu ambacho alikuwa tayari kukipokea kuliko msomaji mwingine yeyote. Bepari wa Venisi, kwa umoja, lingalimwacha aingie mahakamani pamoja na Portia, asijue bado ni yupi anayetajwa.